Buni Tumboni mwa Baba

Nilifundishwa kusema kweli kwa fimbo ya mti wa kahawa. Mwalimu wetu wa chuo cha Qur'ani alizikata mwenyewe nyuma ya nyumba yetu pale Kanoni, akazimenya magamba, akazianika juani mpaka zikawa ngumu, kisha akazilaza chini ya mkeka wake, nyembamba nje, nene ndani. Ukikosea herufi alivuta ya nje. Ukimcheka mwenzio alivuta iliyofuata. Ile nene ya ndani kabisa ilikuwa ya uongo, na hiyo haikupiga kiganja. Ilipiga vifundo vya miguu, mahali ambapo hakuna nyama ya kumsaidia mtu.

Mimi niliionja mapema. Nilikuwa nimekula tende za mama, zilizoletwa na msafara kutoka pwani na kufichwa kwa ajili ya mfungo, na mwalimu aliponiuliza nilisema ni panya. Hakukunja uso wala kupandisha sauti. Alinilaza kifudifudi pale barazani mbele ya wenzangu, akanipiga taratibu kama mtu anayepura maharage, na kwa kila pigo alisema maneno yaleyale: "Mungu ameona." Damu ilichuruzika mpaka kwenye mkeka. Baba alitoka ghalani, akasimama mlangoni, akatazama, akarudi ndani. Mama, ambaye alikuwa Mnyambo wa hapohapo na alisilimu alipoolewa, alibaki jikoni akitwanga kinu kisichokuwa na kitu ndani yake ili asinisikie.

Nilimchukia mtu yule. Nasema wazi kwa sababu nimezeeka na sina tena wa kumwogopa. Nilimwombea homa, nilimwombea nyoka, nilimwombea radi. Nilikuwa naomba kwa Kiarabu kizuri kabisa alichonifundisha yeye mwenyewe.

Lakini siwezi kusema alikuwa mnafiki, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Aliishi kwetu, lakini chakula chetu alikila pale tu alipoambiwa kwamba ni chake. Siku moja alimuuza mbuzi wake kwa mtu wa Songambele, na jioni yake akakumbuka kwamba mbuzi yule alikuwa na kikohozi. Alfajiri akashika njia, mvua inamnyeshea mchana kutwa, akaenda kumwambia mnunuzi. Alirudi anatetemeka, na mbuzi wake nyuma. Wafanyabiashara wenzake baba walimcheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alitandika mkeka akasali.

Baba alikuwa mtu wa aina nyingine. Alizaliwa pwani, akaja Karagwe akiwa kijana na msafara wa pembe za ndovu, miaka ile ng'ombe walipokufa kwa sotoka hata nyanda zikanuka, na baada ya ng'ombe ikaja ndui kwa watu. Ndui ilimshika njiani, upande wa Bugomora. Wenzake wa msafara walimwekea kibuyu cha maji, wakamfunika majani ya migomba, wakaenda zao. Wote walikuwa watu wa kusali. Aliyemwokota alikuwa mkulima asiyejua kibla kiko upande gani, ambaye ndui ilikuwa imekwisha kumpitia na kumwachia uso wa mashimo. Alimbeba mgongoni mpaka kwenye kibanja chake, ndani kabisa ya migomba, akamlisha uji wa ulezi kwa kidole mpaka akapona. Nusu ya ukoo wake ilimkataza, ikihofia ugonjwa, naye akawajibu kwa mkuki mlangoni.

Baba alipoweza kusimama, walikula omukago, yaani udugu wa damu wa watu wa kule. Walikaa wakitazamana kwenye nyasi, kila mmoja akachanjwa karibu na kitovu. Ikaletwa buni moja, kwa maana buni huwa na punje mbili ndani ya ganda moja. Kila mtu alichovya punje yake kwenye damu yake, akamlisha mwenzake, na mwenzake akaimeza bila kuitafuna. Tangu siku hiyo wakaitana mnywani. Nyumba ya mmoja ikawa nyumba ya mwingine, na hakuna kati yao aliyeweza kumkana mwenzake, kumnyima wala kumtoa kwa adui. Anayemsaliti mnywani wake, walisema, ile punje humvimbia tumboni mpaka impasue.

Sisi watoto tulimjua mnywani wa baba kwa uso wake. Alikuja kila baada ya mavuno, mkungu wa ndizi kichwani, akaketi nasi na kuturuhusu tuingize ncha za vidole kwenye mashimo ya mashavu yake. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Alisema "shikamoo" hata kwetu sisi watoto, makusudi, kisha akacheka kabla hatujacheka sisi.

Mwalimu aliposikia habari ya omukago alingoja watu wakutane. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, alimwambia baba mbele ya watu wote: "Umekula damu. Damu ni haramu. Na umeapa kwa kisichokuwa Mungu. Utabaki nacho tumboni mpaka lini?"

Baba akamjibu: "Yule mtu aliniokoa."

"Mlipe wema. Mpe nguo, mpe chumvi, mwombee Mungu amwongoze. Sikukatazi. Lakini ile punje utubu."

Ndipo mwalimu akaleta sahani nyeupe, akaandika aya kwa zafarani, akaziosha kwa maji, akampa baba anywe kombe lile mbele ya macho yetu. Baba alikunywa. Hakutaka ugomvi na watu wake, na nadhani kweli aliogopa Moto. Saa ile ile tumbo likamchafuka, akakimbilia nyuma ya nyumba akatapika. Wanawake waliokuwa wanapita na mitungi walimwona. Kabla jua halijazama, habari ilikuwa imefika vijiji vya pili na vya tatu kwamba Mswahili wa Kanoni amenywa dawa ya msikitini na ameitapika punje ya omukago.

Mama alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. "Umetapika nini?" alimwuliza.

"Ndizi za asubuhi," baba akasema. "Punje imo. Vitu vya miaka mingi havitoki kwa sahani moja."

"Basi kawaambie hao waliokuona."

Hakwenda kuwaambia. Aliona aibu kwa pande zote mbili, na mtu wa namna hiyo hunyamaza. Mnywani wake alikuja msimu ule na mkungu wake kama kawaida. Alikuwa amesikia, maana nani hakusikia? Alimtazama baba, akampiga kidole tumboni kwa utani, akakaa kula.

Kisha Wadachi, yaani Wajerumani, na Waingereza wakaanza kupigana kwenye mto Kagera, na vita vyao vikataka migongo yetu. Askari walipita kijiji kwa kijiji wakikamata wapagazi. Walifunga watu kamba shingoni, mmoja nyuma ya mwingine, wakawabebesha masanduku ya risasi. Aliyeanguka alipigwa kiboko, asiyeinuka aliachwa njiani. Niliwahi kuona mmoja aliyeachwa, karibu na kijito tulikochota maji. Mbwa walikuwa wamefika kabla yetu.

Mnywani wa baba alikamatwa kibanjani kwake Bugomora. Alitoroka njiani kwa kuitafuna kamba, na meno yake mawili ya mbele yakabaki humo. Alifika kwetu mchana, midomo imepasuka, mguu umevimba kwa kiboko kiasi kwamba ngozi yake iling'aa. Hakuomba kitu. Aliingia kama anayeingia kwake, na baba akamshika mkono akampeleka ghalani, akamlaza nyuma ya ngozi za ng'ombe zilizopangwa hadi darini. Mama alimwosha. Baba akatukusanya, akasema kwa sauti ya chini: "Katika nyumba hii hakuna atakayemtaja mtu. Mkiulizwa, kimya. Mkipigwa, kimya."

Sasa, chuo chetu kilikuwa kwenye baraza yetu hiyohiyo, na ukuta wa baraza ndio uliokuwa ukuta wa ghala. Mwalimu alisikia kukohoa. Alinyanyuka, akachungulia, akaona. Alituachia mapema, akaenda kumkabili baba uani, nami nikabaki nyuma ya mlango nikijifanya nafunga ubao wangu kwa kamba.

"Mtoe," alisema.

"Hawezi kutembea."

"Mbebe. Mpeleke kwenye migomba ya mtu mwingine, mahali nisipopajua. Mimi sitakwenda kumwambia mtu. Lakini nikiulizwa, nitasema. Unanijua."

"Wewe ungemtoa mtu huyu?"

"Nakuomba usiniache niulizwe," mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba kweli. "Kwa ajili ya Mungu, mtoe kabla sijaulizwa."

Baba alimwona kama anayejitapa. Na hapo ndipo alipokosea, yeye aliyeishi na watu wa aina zote kuanzia pwani mpaka Karagwe: hakuamini kwamba mtu anaweza kuwa vile alivyojisema. Alipanga kumhamisha mguu ukipungua. Askari walikuja kabla mguu haujapungua.

Waliongozwa na ombasha mmoja, Mwislamu, mtu wa mbali, mwenye alama ya kusujudu kwenye paji la uso na kiboko mkononi. Alitupa salamu nzuri kabisa. Alimwambia baba kwamba alama za damu zimewaleta mpaka njia panda ya kwetu, na kwamba yeye hapendi kupekua nyumba ya Mwislamu mwenzake, yenye wanawake ndani. "Kwa hiyo lete Msahafu, uape kwamba hakuna mtu, nami nitapita niende zangu," akasema.

Lilikuwa jambo jepesi. Maneno machache tu na mkono juu ya jalada. Nilimtazama baba nikamwomba moyoni aape. Mimi niliyepigwa vifundo kwa ajili ya tende nilitaka baba yangu aape uongo mkubwa kuliko wote, na nilikuwa tayari kuingia Motoni pamoja naye.

Baba akasema: "Sitaapa."

"Basi yupo."

"Sikusema yupo. Nimesema sitaapa. Msahafu haukuletwa huku kwa kazi ya kamba."

Walimlaza palepale nilipolazwa mimi. Walimvua kanzu. Kiboko cha ngozi si fimbo ya kahawa. Pigo la kwanza lilichana, la pili likaingia palepale, na baada ya hapo sikujua tena ngozi ni ipi na nguo ya ndani ni ipi. Mama alimrukia askari akamng'ata mkono, wakamtupa kwenye nguzo akapasuka nyusi. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Baba hakulia. Aling'ata mkeka wa mwalimu, na kila mara alipouachia alisema neno moja tu, "Sitaapa."

Ombasha alichoka, akajipangusa jasho, akageuka. Mwalimu alikuwa amesimama kwenye kona ya baraza, mbao zetu mikononi. Ombasha alimtazama kilemba chake. "Wewe ndiye mwalimu wa hapa?"

"Ndimi."

"Una Qur'ani kifuani?"

"Ninayo."

"Basi wewe sikulazimishi kuapa. Nakuuliza tu. Yuko mtu humu?"

Mwalimu alifumba macho. Mbao zikamponyoka, zikaanguka moja baada ya nyingine. Nilidhani anaomba. Labda alikuwa anaomba. Kisha akainua mkono wake wa kulia, mkono uleule wa fimbo, akanyoosha kidole kuelekea ghalani. "Yumo," akasema. "Nyuma ya ngozi."

Walimtoa kwa kumburuta kwa ule mguu. Walimpiga kwa kitako cha bunduki mdomoni, mahali ambapo meno yalikuwa yamekwisha toka. Nimekwambia Kiswahili chake kilikuwa cha salamu. Kule nyuma ya ngozi alisikia kelele, alisikia sauti ya baba, alisikia sauti nyingine, kisha askari wakaja moja kwa moja alipolala. Nani aliyemtoa, hakujua. Walipompitisha barazani na kamba shingoni hakumtazama baba usoni. Alimtazama tumboni. Alilikazia macho tumbo lile mpaka walipokata kona ya migomba.

Tangu siku hiyo baba alianza mazoea mapya. Kila asubuhi, akimaliza kutawadha, kabla ya kutandika mkeka, alifungua nguo akajibonyeza chini ya kitovu, huku na huku, kama mama anavyotafuta jiwe kwenye ungo wa ulezi. Mgongo wake ulikuwa haujapona, unatoa usaha, lakini mgongo hakuushughulikia. Mwalimu alihamia kwenye kibanda cha mtu mwingine. Chuo kikafungwa. Baba alimwambia mama, mbele yetu, kwamba akimkuta mtu yule njiani atamkata kichwa kwa panga, halafu atatubu akipata nafasi. Nilifurahi sana kusikia hivyo.

Migomba ilikuwa imezaa tena ndipo mpagazi mmoja aliporudi kutoka vitani na habari kwamba mnywani wa baba amekufa. Mguu ulioza akiwa bado anabeba sanduku. Walimkata kutoka kwenye kamba, wakamwacha.

Ukoo wake ulikuja kwetu asubuhi kweupe. Walikuwa wanaume watupu, mikuki mikononi, na mbele yao kaka yake mkubwa, mzee aliyekuwa amekata nywele kwa msiba. Hawakusalimia. Walimkuta baba barazani, wakamwambia afungue nguo.

Baba alifungua. Mzee aliinama, akaliangalia tumbo lake kwa muda mrefu, akaugusa ule mchanjo wa zamani. Kisha akalibonyeza kwa kitako cha mkuki, baba akajikunja kwa maumivu.

"Limelala kama la mtu mwenye njaa," mzee aliwaambia wenzake. Walikuwa wanasema Kinyambo, na mimi Kinyambo nilikinyonya kwa mama. "Ndugu yetu amekufa, na huyu tumbo lake limelala. Mnaona? Kweli aliitapika. Akanywa dawa ya watu wake, akaitoa punje, kisha akamtoa mnywani wake bila hofu. Omukago hauwezi kumuua tena. Itabidi tumuue sisi."

"Punje imo," baba akasema. "Sikumtoa."

"Nani aliyemtoa?"

Baba akanyamaza.

Wakampiga. Walimpiga kwa vipini vya mikuki juu ya mgongo ule uliokuwa na makovu mabichi, makovu yakafunguka. "Nani?" Akanyamaza. Mmoja akamwekea ncha ya mkuki kwenye kitovu, akaisukuma mpaka damu ikatoka palepale walipomchanja siku ya omukago. Nilijua jina la mtu. Mama naye alijua, na alikuwa ameniziba mdomo kwa kiganja kwa nguvu hata meno yangu yakachana mdomo wangu. Nilimng'ata, hakuniachia. Macho ya baba yalikuwa juu yetu, na agizo lake lilikuwa halijaondolewa: katika nyumba hii hakuna atakayemtaja mtu. Alimchukia mwalimu kuliko nilivyomchukia mimi, na alikuwa anakufa kwa kukataa kufanya alichofanya mwalimu.

Sijui nani alimwarifu. Mwalimu alitokea kwenye migomba akikimbia, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, kilemba kimefunguka kinaburuzika nyuma. Alisimama kati ya baba na mkuki, anahema. Alisema kwa Kinyambo chake kibovu: "Si yeye. Ni mimi. Niliulizwa nikasema. Huyu alipigwa akakataa."

Mzee alimwangalia, akacheka kwa dharau. "Watu wa msikiti mmoja. Mmepanga. Leo wewe unasema ni wewe, kesho mwingine atasema ni yeye."

"Sisemi uongo."

"Kila mwongo husema hivyo."

Mwalimu aligeuka, akatutafuta kwa macho, akanionyesha mimi. "Muulize huyu mtoto," akasema. "Nimempiga kuliko wote. Hanipendi. Muulize kama nimewahi kusema uongo."

Mzee alinijia. Mama aliniachia. Mzee alinuka jasho na majani makavu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia. Aliniuliza kwa upole, kama babu: "Mjukuu wangu, mtu huyu husema uongo?"

Nilikwisha kuiwaza siku kama ile mara nyingi nikiwa nimelala kifudifudi. Nilitaka afe. Na hapo nilipewa maneno ya kumfanyia ubaya, na maneno yenyewe yalikuwa kweli tupu. Nilisema kwa sauti kubwa, kwa furaha: "Hapana, babu. Hajawahi. Yeye ndiye aliyemwonyesha. Alinyoosha mkono hivi." Nikanyoosha mkono wangu wa kulia kuelekea ghalani.

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, kama alivyofanya niliposoma sura bila kukosea.

Wakashauriana. Vijana walitaka wamchome palepale. Mzee akakataa. "Huyu hakula kitu na ndugu yetu," alisema. "Hakuwa mnywani wake, kwa hiyo hawezi kumsaliti. Alimwonyesha. Atatulipa kile alichomwonyeshea."

Walimshika, wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya kinu cha mama kilichokuwa kimelala kando ya baraza. Wakachukua mchi. Baba, uso chini kwenye mkeka, alisema, "Muacheni." Nadhani mimi peke yangu ndiye niliyemsikia. Mchi uliteremka, mfupa ukalia kama mgomba mkavu unapokatika. Wakainua tena. Mwalimu alipiga kelele ya kwanza niliyowahi kumsikia, ndefu, isiyo na neno ndani yake. Walipiga mpaka vidole vikawa havielekei upande mmoja. Ile furaha yangu sikujua ilikwenda wapi. Nilitapika kwenye ngazi ya baraza.

Wakaondoka bila kugeuka. Mzee alimpitia baba, akavua kipande cha nguo ya gome la mti alichojifunga kwa msiba, akamfunika nacho mgongo.

Mama aliwauguza wote wawili katika chumba kimoja, huyu kwenye kitanda, yule kwenye ngozi. Alimlisha mwalimu kwa mkono wake na kumtukana kwa Kinyambo kila tonge. Baba hakumsemesha. Lakini siku mwalimu alipoweza kusimama na kutaka kuaga, baba alisema akiwa ameelekea ukutani, "Watoto wamesahau herufi." Basi chuo kikarudi barazani kwetu.

Mkono ulipona vibaya, umejikunja kama ukucha wa kuku. Hakuweza kushika kalamu wala fimbo. Fimbo za kahawa zilibaki chini ya mkeka zikaliwa na wadudu. Wenzangu walilifahamu jambo hilo siku ya kwanza, na kabla mwezi haujaandama walikuwa wanamdanganya mchana kweupe. Nani kamwaga wino? Mbuzi. Kwa nini hukuja jana? Nyanya kafa, yuleyule aliyekufa juma lililopita. Miaka yote ile ya kupigwa iliyeyuka kama chumvi, na mwalimu alijua, akawa anawatazama tu.

Mimi sikuweza. Si kwa wema. Kila nilipofungua kinywa kudanganya nilimwona baba ameng'ata mkeka, nikamwona na yeye mwalimu anatokea kwenye migomba na kilemba chake kinaburuzika. Siku moja nilivunja kibweta chake cha wino, akauliza ni nani, wenzangu wakasema ni upepo. Nikasema ni mimi. Kwa mazoea nikamnyooshea kiganja. Kwa mazoea naye aliinua mkono wa kulia, kisha akautazama, akaushusha.

Hasira zikanipanda, sijui za nini. Nikamwuliza mbele ya wote, bila adabu: "Mwalimu, askari wakirudi leo wakikuuliza tena, utasema?"

Nyuma ya ukuta, ghalani, baba alikuwa anapanga ngozi, na sauti ya ngozi ilikoma.

Mwalimu angeweza kusema hapana, tukampenda sote, na baba angeweza kutoka akamshika mkono.

"Nitasema," alijibu. "Ndiyo maana kila nikisujudu naomba nisiulizwe tena."

Kesho yake, baba alipomaliza kutawadha, nilimwona anajibonyeza tumbo kama kila siku. Mwalimu alikuwa nyuma yake uani, anangoja maji. Alimwona. Hakuwa amejua habari ya mazoea yale. Alisimama pale na mkono wake uliojikunja, akamtazama baba anavyojipapasa chini ya kitovu, huku na huku, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Limelala. Hukumtoa. Nilikuwepo."

Baba alifunga nguo yake. Alilia palepale, maji ya udhu yakiwa bado yanamchuruzika, na ilimbidi atawadhe upya. Hakujibonyeza tena. Ndani ya nyumba ile maneno hayo tulikuwa tumemwambia sote, mama na mimi, mara nyingi mno, na hayakuwa yamemsaidia kitu.